Semei Kakungulu, kutoka Jinja hadi Gangama

Mwaka 1906 Waingereza walimtoa Semei Kakungulu, jemadari kutoka Buganda, katika Mbale, mji alioupanga mwenyewe, wakamleta Jinja awe rais wa baraza la machifu wa Busoga.   Busoga tayari ilikuwa na doa katika kumbukumbu za Kanisa: ndiko Askofu James Hannington alikouawa Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Vijana wetu wanaosoma historia ya Kanisa huanza na Hannington, wakaenda kwa mashahidi wa Namugongo, wakaishia kwenye orodha ya maaskofu. Kakungulu hupewa mstari mmoja, naye ndiye anayetuonyesha vizuri kuliko wengine jinsi Ukristo ulivyofika mashariki mwa Uganda na ulichowafanyia watu ulipofika.

Alijifunza kusoma katika kizazi kilichopewa ubatizo kwa mtihani wa kusoma Injili, akapigana upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda vilivyoanza 1888. Kisha akavuka kwenda Bukedi na Bugisu na jeshi lake, akiwatumikia Waingereza na kujitafutia ufalme. Walimu wengi wa mwanzo walioleta dini huku walikuwa Waganda waliofuata njia za jeshi hilo. Mgisu wa wakati ule alikutana na Injili, kodi na kazi za lazima karibu kwa pamoja, na mikononi mwa watu walewale. Jambo hili ni zito, na haifai kulipita haraka kwa sababu tu linatuumiza.

Ufalme hakuupata. Aliporudi Mbale 1913 alikuwa na ardhi, wafuasi na kinyongo. Alikuwa pia na Biblia nzima ya Kiganda, iliyokamilika 1896 kwa kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta, na aliisoma kwa bidii kuliko walivyotarajia waliomfundisha.

Mwaka 1914 likazuka kundi la Malaki Musajjakawa, mwalimu aliyenyimwa ubatizo na wamisionari, akiungwa mkono na chifu mkubwa wa Buganda, Joswa Kate Mugema. Malaki alibatiza bila mtihani, akawapokea wenye wake wengi, akakataza dawa za hospitali kwa kuwa mponyaji ni Mungu. Watu walimiminika kwa maelfu. Kakungulu naye akajiunga, akagombana na serikali kuhusu chanjo.

Hakusimama hapo. Alisoma Torati akaona tohara imeamriwa, wala hakuona mahali ilipofutwa kwa namna ya kumridhisha. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wamalaki walimwambia hayo ni ya Wayahudi. Akaachana nao, akakaa Gangama, nje kidogo ya Mbale, na watu wake wakashika Jumamosi. Mwaka 1922 alichapisha kwa Kiganda kitabu cha sala na mafundisho kwa ajili yao.

Wapo wanaosema yote haya yalikuwa hasira ya mwanasiasa aliyedhulumiwa. Hasira ilikuwepo, sikatai. Lakini mtu hajikati nyama, na ya watoto wake, kwa sababu ya cheo tu. Kanisa lilimfundisha kwamba neno lililoandikwa lina mamlaka kuliko mfalme, kuliko mila, kuliko mzungu, naye aliamini. Ndiyo maana nasema safari yake yote ni sehemu ya historia ya Kanisa, hata pale alipolipa kisogo.

Alifariki Novemba 1928. Baadhi ya wafuasi walirudi makanisani, wengine wakabaki na dini hiyo ya Kiyahudi. Miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, kama alivyoyapiga marufuku 1977 makanisa mengi madogo ya Kikristo, nao wakasali kwa siri hadi alipoanguka. Wajukuu wa watu wale wangali wanaishi vilima vya Mbale, Nabugoye wakiwa na sinagogi lao.