Matuta ya Lushoto na kompyuta iliyofuta kufuli lake

Leo nataka tuongelee vitu viwili ambavyo kwa haraka haraka havina undugu: kompaila ya kompyuta na matuta ya Lushoto. Vuteni subira kidogo, undugu utaonekana.

Tuanze na kompyuta. Mwandishi wa programu huandika kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Kompyuta yenyewe haielewi hata neno moja la lugha hiyo, kwa hiyo katikati yao anakaa mkalimani, naye ndiye kompaila. Tangu IBM walipotoa FORTRAN mwaka 1957, mkalimani huyu hatafsiri tu, bali anaboresha pia. Akiona hesabu inarudiwa bure, anaifanya mara moja. Akiona mstari hauna kazi, anaufuta. Katika GCC, kompaila ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1987, unachagua mwenyewe kiwango unachotaka: O0 ni tafsiri bila mbwembwe, O2 na O3 ni kuboresha kwa nguvu.

Mara nyingi mambo huenda vizuri. Ila mwaka 2009 ndani ya Linux kulikutwa kipande kilichotumia anwani fulani ya kumbukumbu, halafu ndipo mstari wa chini yake ukauliza: je, anwani hii ni tupu? GCC ikapiga hesabu zake. Kama imeshatumika, basi haiwezi kuwa tupu, sasa swali la nini? Ikalifuta. Julai mwaka huo mtaalamu wa usalama Brad Spengler akaonyesha hadharani kwamba kupitia tundu hilo mtumiaji wa kawaida angeweza kuiteka kompyuta nzima. Swali lililofutwa ndilo lilikuwa kufuli la mlango.

Kanuni za lugha ya C zilikuwa upande wa kompaila. Aliyekosea mpangilio ni mwandishi. Lakini kompaila iliamini jambo fulani haliwezi kutokea, na huku duniani likatokea.

Sasa tupande Usambara.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuokoa ardhi ya bonde la Mlalo. Miaka michache baadaye ukatanuliwa na kuwa mpango wa Usambara nzima. Tuwe wakweli, tatizo lilikuwepo. Watu walikuwa wameongezeka, sehemu ya ardhi ilikuwa imeshachukuliwa na misitu ya hifadhi na mashamba ya walowezi tangu enzi za Mjerumani, na udongo ulikuwa unateremka na mvua. Dawa iliyoandikwa ni matuta yaliyofungwa kama visanduku ili yashike maji, marufuku kulima miteremko mikali, marufuku kuchoma shamba, mifugo isichungwe ovyo. Ukikaidi, kuna faini au jela.

Bwana shamba alipoliangalia shamba la Msambaa aliona fujo. Migomba, mahindi, maharage na miti vyote pamoja, na mtu mmoja ana vishamba vingi vilivyotawanyika, kimoja juu kwenye baridi, kingine chini karibu na nyika. Kumbe kila kimoja kilikuwa jibu la swali fulani. Mvua ikikosa nyika, huenda ipo mlimani. Mahindi yakifa, migomba ipo, na majani yake yanafunika udongo. Ule mteremko mkali uliokatazwa, kwa masikini ndiyo ardhi pekee aliyokuwa nayo. Na jembe la kuchimba matuta, kwa sehemu kubwa, lilikuwa mikononi mwa akina mama, ambao tayari walikuwa na kazi za kutosha.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika sana kuhusu Wasambaa, anaeleza fikra yao ya kuponya nchi, kuzifya shi, na kinyume chake, kuharibu nchi, kubana shi. Mtawala kazi yake ni kuponya. Sasa machifu walipogeuzwa kuwa wasimamizi wa matuta na faini, watu waliwaweka upande gani? Isitoshe, wengi walihofu kwamba ardhi inatengenezwa ili baadaye apewe Mzungu. TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ilikuta kuni zimeshakauka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa. Kule Uluguru, vurugu za Matombo za mwaka 1955 zilitokana na matuta hayo hayo.

Turudi kwa fundi wa programu, maana ana somo. Programu ikifanya kazi vizuri kwa O0 na kuanguka kwa O2, hatua ya kwanza ni kuzima uboreshaji wote. Lakini akiishia hapo hajatibu kitu. Kasoro bado imo ndani, imelala tu. Fundi mzuri anawasha tena kimoja kimoja, faili kwa faili, mpaka akijue kile kinachovunja. Mara nyingi anakuta kompaila ilikuwa imedhani jambo ambalo mwandishi hakulihakikisha. Ndugu zetu wa Linux waliurekebisha ule mstari, kisha wakaiamuru GCC isifute tena maswali ya aina ile.

Lushoto nako matuta yalizimwa, lakini mmomonyoko haukuzimika. Miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP kwa msaada wa Ujerumani. Safari hii ilikuwa mistari ya majani ya guatemala na miti inayozunguka mlima. Majani yanashika udongo, yanalisha ng'ombe aliyefungwa zizini, na samadi inarudi shambani. Haukumaliza mmomonyoko, lakini kazi iliyotakiwa kwa mkulima ilimrudishia kitu.

Nayaandika haya kwa sababu bado tunasikia kwamba wakulima hawapendi maendeleo. Mpango wowote unaotoka ofisini unakuja na dhana zake, na mara nyingi hata aliyeuandika hazijui. Kabla ya kufuta kinachoonekana hakina kazi, tumuulize aliyekiweka kilikuwa kinazuia nini. Wa Mlalo hawakuulizwa. Jibu walilitoa wenyewe, na likasikika mpaka Dar es Salaam.