Kunguru Hafugiki: Mgeni wa Jaa na Historia ya Mitego Yake

Wahenga wamesema kunguru hafugiki. Methali hii hutumiwa kwa watu zaidi kuliko kwa ndege: humsuta yule anayelishwa na kutunzwa, kisha akarudi kule kule alikotoka. Lakini katika historia ya Unguja imo serikali iliyomleta kunguru khasa, kwa jahazi na kwa gharama, ikampa kazi na kutaraji kwamba ataifanya. Habari ya jaribio lile, na ya zaidi ya miaka mia ya mitego, risasi na sumu iliyolifuata, inastahili kusimuliwa toka mwanzo wake.

Mji wa Zanzibar wa karne ya 19 ulikuwa na neema na taka kwa pamoja. Karafuu na pembe zilipita bandarini, watumwa wakauzwa sokoni hadi soko lilipofungwa mwaka 1873, na mabaki ya chakula na mizoga vikatupwa ufuoni vingoje maji kujaa. David Livingstone, aliyekuwapo mjini mwaka 1866, alilalamikia katika daftari zake uvundo wa ufuo ule. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu, na daktari James Christie, aliyeyaona maradhi hayo kwa macho yake, aliyaandikia kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1876. Basi Waingereza walipoiweka Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, suala la usafi wa mji lilikuwa limekwisha kuwa la zamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Sir Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza kisiwani, aliomba aletewe kunguru kutoka Bombay. Fikra yake haikuwa ya kiwendawazimu. Katika miji ya Bara Hindi, kunguru huyu alionekana kila alfajiri akiokota makombo vichochoroni, na hakudai ujira wowote ila taka zenyewe. Ilionekana kwamba mji ungepata wafagizi bila ya mishahara, bila ya mikokoteni na bila ya mashimo ya kuzikia taka. Ndege wakaja, wakaachiwa, wakazaa. Portal mwenyewe alifariki London mwaka 1894, asiuone mwisho wa jambo alilolianzisha.

Hapana budi msomaji awatenganishe kunguru wawili. Kunguru wa asili wa pwani yetu ni yule mwenye shingo na kifua cheupe, kama aliyevaa fulana ndani ya koti jeusi. Mgeni wa Bombay ni mdogo zaidi, mwembamba, mwenye rangi ya kijivu shingoni na kifuani, na mweusi wa kumeremeta kwingine kote. Wataalamu walimpa jina la Kilatini *Corvus splendens*, yaani kunguru anayeng'aa, ingawa ni wachache katika waliomjua waliomsifu kwa mng'ao wake. Jambo la muhimu zaidi katika tabia yake ni hili: haishi mbali na binadamu. Hana msitu wake wala jangwa lake. Popote alipo duniani yupo kwa sababu kuna watu, na katika watu hufuata jaa, machinjio, soko la samaki na jiko.

Kwa hivyo alipofika Unguja alijikuta nyumbani. Lakini hakuishia jaani. Aliingia bandani akachukua vifaranga, akapanda mitini akala mayai na makinda ya ndege wadogo, akashuka mashambani akadonoa matunda na nafaka. Kunguru wa kifua cheupe alisukumwa nje ya mji na huyu mgeni mdogo aliyemzidi kwa wingi na kwa ushari. Ndege waliozoea kuimba katika bustani za mjini walipungua mwaka hadi mwaka. Ilipofika mwaka 1917, ndege aliyeletwa kuwa mtumishi wa serikali alikuwa ameandikwa na serikali ile ile kuwa adui, na zikatolewa zawadi kwa aliyemuua au aliyeleta mayai na makinda yake.

Hiyo ndiyo mbinu ya kwanza, na udhaifu wake ulikuwa ndani yake wenyewe. Kunguru huyu hutaga aghalabu mayai matatu hadi matano, na kiota kikivunjwa hujenga kingine, pengine kwa vipande vya waya pale vijiti vinapokosekana. Zawadi hulipwa kwa kila ndege, kwa hivyo anayeipokea hana sababu ya kutamani ndege waishe. Na risasi humfunza kunguru kuliko inavyompunguza: kundi lililopigwa mara moja humjua mpigaji, hulijua na vazi lake, likamzomea kutoka juu ya paa kabla hajainua bunduki. Wahenga walisema kunguru mwoga huponya ubawa wake, na ndege huyu aliifuata hekima hiyo bila ya kufunzwa.

Wakati huo huo alikuwa akisafiri. Mombasa ilimpokea kufikia mwaka 1947, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 aliienea pwani ya Kenya na Tanganyika, na Dar es Salaam ikawa mojawapo ya ngome zake kubwa. Aghalabu hakuhitaji kualikwa tena. Kunguru hutua melini bandarini, hulishwa na mabaharia au huiba jikoni mwao, kisha hushuka bandari ijayo. Njia zile zile zilizounganisha Bombay, Aden, Unguja na Durban kwa biashara zikawa njia zake.

Ndipo wataalamu walipogeukia mtego mkubwa wa waya, unaojulikana kwa jina la mtego wa Malawi. Umbo lake ni kama chumba kidogo chenye kuta na paa la wavu. Juu yake pana mdomo unaoteremka ndani mfano wa faneli. Kunguru huingia amekunja mbawa, lakini akitaka kutoka hana budi azikunjue, na mdomo ule haumpi nafasi. Kinachomvuta si chakula peke yake. Ndani huwekwa kunguru wachache walio hai, wapewe maji, chakula na kivuli, kwani kunguru wa nje haamini nyama iliyo peke yake ila humwamini mwenzake anayekula. Mtego bila ya chambo haunasi, na chambo cha kunguru ni kunguru.

Wategaji wenye uzoefu huujua mpaka wa chombo hiki. Wanaonaswa kwa wingi ni wachanga wa mwaka ule ule, ilhali wakongwe hukaa juu ya paa la mtego wakitazama. Methali isemayo ndege mjanja hunaswa na tundu bovu ina ukweli wake, lakini haikumwahidi mtegaji kwamba wajanja wote watanaswa. Mtego ukiachwa bila ya kuhudumiwa, chambo hufa kwa kiu, na mahali pale huogopwa na kundi zima.

Kwa hivyo mtego ukafuatana na sumu. Iliyotumika zaidi ni Starlicide, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege waharibifu wa huko. Hutiwa katika vipande vya nyama baada ya kunguru kuzoeshwa kwa siku kadhaa kula nyama isiyo na kitu. Haiui papo hapo. Ndege hula, huruka zake, na hufa baada ya siku moja au mbili, aghalabu kwenye miti wanakolala, na wenzake hawapati kuihusisha nyama na mauti. Sumu hii huvunjikavunjika upesi mwilini mwa ndege aliyekwisha kuila, na hilo huwapunguzia hatari paka na wengine wanaokula mzoga. Hata hivyo kuna methali ambayo kila mtia sumu angepaswa kuibandika mlangoni: mtego wa panya huingia aliyemo na asiyekuwamo. Nyama iliyoachwa bila ya mlinzi haichagui mlaji.

Kati ya mwaka 1990 na 1995, Unguja iliendesha kampeni kubwa ya mitego na sumu kwa msaada wa Finland. Makumi ya maelfu ya kunguru waliuawa, na idadi yao mjini ikashuka sana. Kisha msaada ukaisha, mitego ikapata kutu, na waliosalia wakazaa. Baada ya miaka si mingi mapaa yalijaa tena. Pwani ya Kenya nayo iliona mfano wa hayo: sumu ilipotumika Malindi na Watamu kunguru walipungua, na ilipokosekana baada ya mwaka 2005 wakarudi. Mwezi wa Juni 2024 shirika la wanyamapori la nchi hiyo, KWS, lilitangaza nia ya kupunguza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kumalizika. Ukubwa wa hesabu hiyo waonyesha ukubwa wa deni lililolimbikizwa.

Kwa upande mwingine wa bahari, Sokotra ina habari tofauti. Kunguru wachache walifika kisiwa hicho mwaka 1996. Wenyeji walilipwa kwa kila kinda walilolitoa kiotani, wakaendelea mwaka baada ya mwaka, hata kundi likashindwa kukua. Mwaka 2009 wale wakubwa waliosalia wakapigwa risasi mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Zawadi ile ile iliyoshindwa Unguja ilifaulu Sokotra, kwa kuwa ilianza ndege wakiwa wachache wa kuhesabika, haikukatizwa, na ilikuwa na siku yake ya mwisho.

Tukiziweka habari hizi pamoja, kosa la mwaka 1891 au karibu yake laonekana kujirudia kwa sura nyingine. Portal alikuwa na mji mchafu, akatafuta ndege wa kuubeba uchafu badala ya watu wa kuuondoa. Vizazi vya baadaye vilikuwa na mji uliojaa kunguru, vikatafuta mtego wa kumwondoa ndege huku jaa likiachwa wazi. Ndege asiyeweza kuishi bila ya binadamu huhesabiwa kwa taka za binadamu: kadiri makombo yanavyozidi, ndivyo makinda yanavyokuwa. Kampeni inayoua tisa katika kumi na kuwaachia wa kumi karamu nzima, imemtengenezea huyo wa kumi maisha mema kuliko aliyokuwa nayo.

Wala haifai kudharau mitego. Bila ya kupunguzwa kwa mkono wa mtu, kunguru hawatasubiri miji isafike, na makinda ya chiriku na chozi hayatasubiri pia. Lakini mtego unataka mtu wa kuutia maji kila asubuhi, na jaa linataka mfuniko kila jioni, na kazi zote mbili hazina siku kuu. Kunguru alikuja Unguja kwa sababu palikuwa na kazi ambayo hakuna aliyetaka kuifanya. Kazi hiyo ingalipo.