Picha ya chakula inayoshinda: kutoka vikapu viwili vya matunda mpaka sufuria ya sombe



Tangu tutangaze kwamba kikundi kitakusanya picha za chakula na kubandika zile bora ukutani kwenye kituo cha vijana, maswali hayaishi. Wengine wanauliza simu gani inatakiwa. Wengine wanauliza swali zito zaidi: tupige sahani gani? Upande mmoja unasema tukionyesha sahani nzuri, wafadhili watasema hawa wameshiba, mgao upungue tena. Upande mwingine unasema tukionyesha sahani tupu tunajidhalilisha wenyewe, kama vile wageni hawajatupiga picha za kutosha kwenye foleni. Wote wana haki ya kusema hivyo. Mgao umepunguzwa mara kadhaa katika kambi nyingi za Afrika Mashariki miaka hii, na kila mtu anajua uzito wa kikombe cha maharage.

Sisi tukaona tusijibu haraka. Tukaangalia kwanza nyuma: picha za chakula zilianzaje, na zile zilizoshinda zilishinda kwa nini?

Historia hii ni ndefu kuliko simu zetu. Mwaka 1845 Mwingereza William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa picha, alipiga vikapu viwili vya matunda juu ya meza yenye kitambaa cha miraba. Kulikuwa na nanasi ndani. Picha ile iliingia katika kitabu chake The Pencil of Nature, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1844 na 1846. Matunda yalimfaa Talbot kwa sababu rahisi: hayatingishiki. Wakati ule picha ilihitaji muda mrefu wa mwanga, na nanasi halichoki kukaa.

Baada yake akaja Roger Fenton, na hapa sisi wakimbizi tusikilize vizuri. Mwaka 1855 Fenton alipelekwa kwenye vita vya Crimea, akapiga picha za askari, mahema na mizinga akiwa na gari la farasi lililogeuzwa chumba cha giza. Miaka mitano baadaye, mtu huyo huyo wa vita alikaa akapiga zabibu, pichi, mananasi na maua. Mwaka 1862 yakafanyika Maonyesho ya Kimataifa huko London. Wapiga picha walikasirika, maana kazi zao ziliwekwa upande wa mitambo, siyo upande wa sanaa. Yaani picha ilihesabiwa kama mashine ya kusaga. Pamoja na hayo, waamuzi walimpa Fenton medali, na sababu waliyotaja ilikuwa ubora wa picha zake za matunda na maua. Basi mashindano ya picha za chakula hayakuanza na intaneti.

Kwa nini zile zabibu zilishinda? Kwanza, Fenton alisogea karibu. Matunda yanajaza picha mpaka yanataka kumwagika nje, huoni nafasi iliyopotea bure. Pili, alijua tabia ya mwanga wake. Dawa aliyopaka kwenye kioo iliona vizuri rangi ya bluu, lakini nyekundu na njano zilitoka nyeusi. Kwa hiyo hakuweza kutegemea uzuri wa rangi. Alitegemea ngozi ya kitu: pichi lina manyoya madogo, zabibu ina vumbi jeupe, nanasi lina magamba. Ukiiangalia ile picha, vidole vyako vinataka kugusa. Tatu, alifanya kazi kwa haraka na kwa mpango, maana kioo kilipaswa kupigwa na kusafishwa kabla hakijakauka, na pichi nalo halingoji.

Mwaka 1930, Mmarekani Edward Weston alichukua somo hilo mpaka mwisho wake. Alipiga pilipili hoho moja. Moja tu! Aliiweka ndani ya faneli ya bati, mwanga ukazunguka ndani na kuilamba pande zote. Pilipili ile inaonekana kama mgongo wa mtu aliyejikunja. Ni picha maarufu duniani, na hakuna ndani yake kitu cha bei. Kwa hiyo yule anayetuambia "mimi sina nyama ya kupiga picha", tunamjibu: pilipili moja ilitosha.

Sasa tuje kwenye upande mchafu, kwa sababu chakula kwenye picha kimedanganya sana. Biashara ilipoingia, walianza ujanja. Kesi inayojulikana ni ya supu ya Campbell's huko Marekani. Kwenye matangazo waliweka gololi za kioo chini ya bakuli ili mboga zipande juu, supu ionekane nzito. Tume ya serikali inayosimamia biashara iliingilia, na mwaka 1970 kampuni ilikubali amri ya kuacha kufanya hivyo. Gololi zile ni funzo: sahani ilifanywa ijae kuliko ilivyo.

Lakini kuna uongo wa upande wa pili, na huo unatugusa sisi zaidi. Mwaka 2018 ukurasa wa shirika la World Press Photo ulionyesha kazi ya Mtaliano Alessio Mamo. Alikuwa amepanga meza ya vyakula bandia katika vijiji maskini vya India, akasimamisha wanakijiji mbele yake, wamefunika macho kwa mikono, akawaambia waote chakula wanachotaka. Watu wengi duniani walikasirika, na mwenyewe akaomba radhi. Picha zilikuwa na rangi kali, zimepangwa vizuri, fundi alijua kazi. Kilichokosekana ni heshima. Mwenye njaa aligeuzwa pambo la meza.

Na kuna ile picha ya Kevin Carter aliyoipiga Sudan mwaka 1993, mtoto ameinama chini kwa njaa na tai amekaa nyuma yake. Ilipotoka kwenye New York Times, wasomaji waliandika kwa wingi kuuliza mtoto alifika kwenye chakula au hapana, mpaka gazeti likalazimika kuchapisha maelezo. Mwaka 1994 ilishinda tuzo ya Pulitzer. Hatuwezi kusema picha ile haikufanya kazi, iliamsha dunia. Lakini swali la wale wasomaji linabaki kwetu pia: baada ya picha, mtu wake yuko wapi?

Tuangalie washindi wa karibuni. Kuna mashindano makubwa yaliyoanza Uingereza mwaka 2011, ya kumtafuta mpiga picha bora wa chakula wa mwaka. Mwaka 2021 alishinda Li Huaifeng wa China, kwa picha ya familia changa ikiandaa chakula nyumbani, jua likiingia ndani. Mwaka 2022 alishinda Debdatta Chakraborty wa India, kwa muuza mishikaki wa mtaani huko Srinagar, amezungukwa na moshi na mwanga wa jiko lake. Angalieni vizuri: hizo zote mbili hazikupigwa hotelini. Ni moshi, ni mikono, ni jikoni kwa watu. Na watu wenyewe wako kazini, hawakusimamishwa wahurumiwe.

Kutoka hapo tunapata jibu letu. Gololi za Campbell's ziliongeza shibe, meza ya India ilitumia njaa ya watu kama pambo. Zote mbili zilipangwa kumfurahisha mtazamaji wa mbali. Sisi tusifanye lolote kati ya hayo. Kama sufuria ina sombe isiyo na mawese, piga sombe isiyo na mawese. Kama mama amepata ndagaa, usiwafiche ndagaa eti mfadhili ataona. Mfadhili mwenye akili anajua kwamba mtu anayepika vizuri kile kidogo bado anacho kidogo. Na picha ya kweli ina nguvu ya ushahidi, hata ukipunguza maneno.

Upande wa ufundi, historia inatusaidia bila gharama. Simu yoyote inafaa, ila futa kioo chake kwanza kwa kitambaa safi. Zima flashi. Nyumba zetu za matofali ya udongo zina giza na mlango mmoja, na hiyo ni bahati: weka sahani karibu na mlango, mwanga uingie kwa upande mmoja kama kwenye studio. Ukitaka mvuke wa ugali uonekane, simama mwanga ukitokea nyuma ya sufuria, na nyuma yake pawe na giza. Sogea karibu kama Fenton. Ondoa vitu vya ziada kama Weston. Tafuta mkono: wa dada anayetwanga sombe kwenye kinu, wa mzee anayegawa samaki mmoja kwa watu sita.

Na kabla ya yote, omba ruhusa. Sema, "Shikamoo mama, naomba nipige picha ya jiko lako, itabandikwa kituoni." Akikataa, mshukuru uende. Akikubali, mwonyeshe picha kabla hujaituma, na jina lake liandikwe pale tu anapotaka mwenyewe.

Wafanyakazi wa mashirika, nanyi tunawaomba kitu: mkizitumia picha hizi kwenye ripoti, mtuulize sisi na wenye sufuria. Msizikate kikabaki kile mnachotaka ninyi tu.

Vijana, kazi kwenu. Jua la saa kumi na moja jioni ni zuri sana, na ndiyo saa majiko yanawashwa.