Chanjo ya "Mwaka Mmoja" Iliyochukua Miaka 30

"Hii chanjo iliundwa kwa mwaka mmoja tu, itakuwaje salama?" Wasee bado huniuliza hivyo kuhusu zile za mRNA za Korona, Pfizer na Moderna. Swali ni poa. Hesabu ndiyo naikataa. Anza kuhesabu kutoka 1990.

Mwaka huo watafiti Marekani walidunga panya mRNA kwa misuli, na misuli ikatengeneza protini waliyotaka. mRNA ni maagizo tu: seli inayasoma, inaunda kitu, halafu maagizo yanaharibika. Rahisi, ama? Shida ilikuwa mwili wenyewe. Virusi vingi huingia mwilini vikiwa na RNA, kwa hivyo kinga ikiona RNA ngeni inapiga kamsa. Kamsa ikizidi, mwili unavimba na seli zinaacha kutengeneza protini.

Hapo ndipo anaingia Katalin Karikó, mwanasayansi kutoka Hungaria. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo 1995, maana utafiti wake haukuwa ukipata ufadhili. Hakuacha. Alikutana na Drew Weissman kwa mashine ya fotokopi, wakaanza kushirikiana. 2005 wakachapisha jibu: badilisha kidogo herufi moja ya RNA, na kamsa inapungua. Nobel walipewa 2023!

Sasa skiza: kamsa ilipungua, haikuzimwa. Ukidungwa begani, vipovu vidogo sana vya mafuta vinaingiza mRNA kwa seli. Vipovu hivyo pia vinaamsha kinga. Seli za ulinzi zinakimbilia pale, na mkono unavimba, unakuwa moto, unauma siku moja ama mbili. Seli zingine zinabeba habari hadi kwa tezi za kwapani, na huko seli B na seli T zinafunzwa kumtambua adui. Ndio maana wengine walivimba kwapa. Na kama hukusikia uchungu wowote, usijali, chanjo inaweza kufanya kazi bado.

Kwa maoni yangu, tulikosewa hapa. Tuliambiwa "kadungwe", lakini wachache walitueleza mkono utauma kwa nini. Watu wakajijazia majibu yao wenyewe, na uvumi ukapata nafasi. Kuuliza si ujinga. Lakini ukisikia mtu akisema "mwaka mmoja", mwambie 30.