Kubomoa na Kubomoka

Kitenzi cha Kiingereza "destroy" ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi huyajua mapema na kuyafasiri kwa wepesi: kuharibu. Wepesi huo ndio unaostahiki kutazamwa.

Asili yake ni Kilatini, "destruere". Kiini chake ni "struere", yaani kupanga na kujenga, kilichotanguliwa na kiambishi cha kutangua. Kupitia Kifaransa cha kale kiliingia Kiingereza katika karne ya 13. Maana ya mwanzo, basi, ni kujengua. Baadaye ikapanuka mno. Mwingereza hukitumia kwa mji uliopigwa mizinga, barua iliyochomwa, sifa iliyochafuliwa, mshindani aliyeshindwa vibaya, hata farasi aliyevunjika mguu akauawa kwa kuhurumiwa.

Kiswahili hakiyatii yote hayo kapu moja. Nyumba hubomolewa, chombo huzamishwa, shamba huteketezwa, watu huangamizwa. Hata "haribu", tuliyoitwaa katika shina la Kiarabu lenye maana ya ukiwa na magofu, imelainika kwetu: saa huharibika, ikapelekwa kwa fundi. Kilichoharibika huenda kikatengenezeka. Kilichoangamia hakina fundi.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Seyyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akashika jumba la kifalme la Unguja bila ya ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, muda aliopewa ulikwisha na manowari zikafyatua mizinga. Haikutimia saa moja vita vikesha. Msimulizi wa Kiingereza aweza kutosheka na kitenzi kimoja kwa yote yaliyotokea. Kiswahili chamdai vitatu: Beit al-Hukm lilibomolewa, meli ya Glasgow ilizamishwa, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Asemaye tu kwamba "jumba liliharibiwa" amewafukia watu hao ndani ya kifusi mara ya pili.

Na hatima zao hazikuwa moja. Beit al-Sahel lilijengwa upya. Beit al-Hukm halikurudi. Milingoti ya Glasgow ilichomoza bandarini hadi 1912, mabaki yake yalipoondolewa.

Lugha yetu nayo ina maficho yake. "Bomolewa" humtafuta mtenda; "bomoka" humsahau. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilinusurika na mizinga ile, ila tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki. "Limeporomoka" ni kweli kwa jicho lililoona. Lakini jengo la miaka mia na zaidi, lenye kupigwa na chumvi ya bahari na mvua za masika, haliporomoki kwa siku moja. Kabla ya kitenzi hicho vipo vingine: kutunza, kukagua, kuchelewa. Navyo vina watenda.

Washairi wetu huzihesabu mizani na kuchunga vina. Pindi kina cha "-ka" kinapowavuta kuandika "bomoka", ilhali historia yadai "bomolewa", na waubadilishe ubeti, wasiibadilishe historia.