Mbio za Kusimuliwa

Mpenzi wa mpira akishalipa kiingilio huketi na kuutazama mchezo wote, dakika tisini, mwanzo hadi mwisho. Mpenzi wa mbio za baiskeli za barabarani hana bahati hiyo. Hudamka kuwahi nafasi kwenye kona ya mlima, hukaa juani saa nne au tano, kisha kundi linampita kwa mlio wa minyororo na upepo wa magurudumu, na kabla hajatambua nani ni nani, kilichobaki ni magari ya timu yaliyobeba baiskeli za akiba juu ya paa. Ni michezo michache inayomnyima mtazamaji wake kiasi hicho, na bado kila Julai mamilioni ya watu hujipanga kando ya barabara za Ufaransa. Ajabu hii haielezeki mpaka mtu aangalie mbio hizi zilikotoka. Hazikubuniwa zitazamwe. Zilibuniwa zisomwe, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtu mwenye baiskeli yake nyumbani, anayejua kwa miguu yake kilomita ishirini za upepo wa mbele zina uzito gani. Shabiki na mwendeshaji wa kujifurahisha hawakuja kukutana baadaye njiani. Tangu mwanzo walikuwa mtu mmoja.

Tuanze na tarehe. Novemba 7, 1869, mbio za Paris hadi Rouen, kilomita 123, ziliandaliwa na jarida la Le Vélocipède illustré. Waliondoka watu zaidi ya 100, wanawake wachache wakiwemo, wengi wao wakiwa watu wa kawaida walionunua chombo kipya na kutaka kujua kinawafikisha wapi. Mwingereza James Moore alitangulia kwa muda wa saa kumi na dakika arobaini hivi, mwendo ambao muuza mkaa mwenye baiskeli yake ya Phoenix, barabara ikiwa tambarare, hauonei haya. Mwaka 1891 gazeti la Le Petit Journal lilianzisha Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 hivi, na Charles Terront akazimaliza kwa saa 71 na ushee. Nani angeweza kutazama kitu cha siku tatu mchana na usiku? Hakuna. Lakini kila asubuhi kulikuwa na habari ya kusoma, na kesho yake nyingine. Mhariri aliyegundua hilo alikuwa amepata bidhaa isiyooza kwa siku moja.

Tour de France ilizaliwa katika ugomvi wa magazeti hasa. Le Vélo, lililochapwa kwenye karatasi ya kijani, lilikuwa na mhariri aliyemtetea Kapteni Dreyfus katika kesi iliyoigawa Ufaransa. Matajiri wa viwanda waliokuwa upande wa pili, Comte de Dion akiwa mbele, wakaondoa matangazo yao na mwaka 1900 wakaanzisha gazeti lao la karatasi ya njano, ambalo baadaye liliitwa L'Auto. Uhariri walimpa Henri Desgrange, mtu ambaye mwaka 1893 aliweka rekodi ya saa moja kwa kuendesha kilomita 35.325 uwanjani. Gazeti halikuuzika vizuri. Mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, akatoa wazo la kuizunguka nchi nzima, na Julai 1, 1903 watu 60 waliondoka mbele ya mkahawa mmoja wa Montgeron, nje kidogo ya Paris. Waliorudi walikuwa 21. Maurice Garin alishinda, na mauzo ya gazeti yakapanda kutoka nakala 25,000 hivi hadi 65,000. Italia ilifuata mwaka 1909 na mbio zake, Giro, chini ya gazeti la waridi, La Gazzetta dello Sport. Flanders mwaka 1913 na Sportwereld. Hispania mwaka 1935 na Informaciones. Jezi ya kiongozi wa Tour ni ya njano na ya Giro ni ya waridi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni yale mepesi: ni rangi za karatasi. Kiongozi wa mbio huvaa gazeti.

Namna Lefèvre alivyoripoti mbio hizo za kwanza inaonyesha jambo lilivyokuwa. Hatua zilikuwa sita, ndefu mno, nyingine zikianza usiku ili washindani wafike mchana. Yeye aliwafuata kwa baiskeli, akiachwa hupanda treni kuwahi kituo kinachofuata, hushuka na kuwangoja gizani wapite. Yaani hata mwandishi rasmi, mtumishi wa mwandaaji, hakuona mbio. Aliona vipande, na vilivyobaki alivishona mwenyewe. Hapa ndipo hoja ya kwanza dhidi yangu inapoingia: mchezo wa kusimuliwa ni mchezo wa kudanganyika. Ni kweli, na mwaka 1904 ulithibitisha. Usiku mmoja, kwenye mlima karibu na Saint-Étienne, mashabiki wa kijana wa kwao waliwapiga wapinzani wake. Kulikuwa na shutuma za watu kubebwa kwa magari na kupanda treni. Zaidi ya miezi minne baada ya mbio kwisha, wanne wa kwanza walifutwa wote na ushindi akapewa Henri Cornet, mwenye umri wa miaka 19. Lakini tazama Desgrange alifanya nini. Alifupisha hatua na kuacha kuwaendesha watu usiku. Hakuziingiza mbio uwanjani wala hakuzileta zizunguke mahali pamoja ambapo watu wangeziona. Alitaka tu msimuliaji wake apate mwanga wa kutosha.

Wengine watasema gazeti lilikuwa tarumbeta tu, mpulizaji akiwa kiwanda cha baiskeli. Hoja hii ina nguvu, maana fedha zilitoka viwandani na timu ziliitwa kwa majina ya viwanda. Ila mwaka 1930 Desgrange, akiwa amechoshwa na njama za viwanda, alivifukuza. Akaunda timu za mataifa, akawapa washindani baiskeli za njano zisizo na jina la mtengenezaji, na gharama akazifidia kwa msafara wa magari ya matangazo unaotangulia mbio ukigawa vijizawadi, msafara ambao mpaka leo watoto huusubiri kuliko mbio zenyewe. Tour haikufa, mwaka 1933 L'Auto iliuza hadi nakala 854,000 kwa siku. Kiwanda kiliondoka na simulizi ikanona.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote, hata hivyo, uko Italia, mwaka 1924. Nyota wakubwa waligoma kushiriki Giro kwa sababu ya malipo, na La Gazzetta ikabaki na mbio zisizo na majina. Katika orodha akaingia Alfonsina Strada, binti wa wakulima wa Emilia aliyezaliwa mwaka 1891, mwanamke pekee kati ya watu 90 walioanza. Katika hatua ya kwenda Perugia, kwenye mvua na upepo, usukani wake ulivunjika; aliuunga kwa kipande cha mti wa ufagio na kuendelea, akafika muda ukiwa umepita. Kwa kanuni alikuwa ametoka. Emilio Colombo, mkuu wa gazeti, akamruhusu aendelee nje ya mashindano kwa gharama ya gazeti, na akamaliza zile kilomita 3,613 mpaka Milan, wakati wanaume waliomaliza walikuwa 30 tu. Haikuwa huruma, wala haikuwa haki ya wanawake. Mwaka uliofuata hakuruhusiwa tena. Colombo alijua kwamba msomaji aliyewahi kuharibikiwa na baiskeli mbali na fundi atauelewa ule mti wa ufagio bila kuelezwa. Habari za mshindi, Giuseppe Enrici, leo hata wapenzi wa mchezo huwabidi kuzitafuta.

Ndiyo maana mlango kati ya barabara na sebule haukuwahi kufungwa kabisa. Tour ilikuwa na kundi la waliojitegemea, wasio na timu, walioitwa touristes-routiers: waliojitafutia chakula na pa kulala, waliojizibia tairi, wakifika hotelini saa ambayo wenye timu wamekwisha kukandwa na kulala. Inasimuliwa kwamba Jules Deloffre alifanya sarakasi kwa watazamaji baada ya hatua ili apate fedha ya chumba. Paris–Brest–Paris nayo iliwapa nafasi wasiolipwa. Wa kulipwa wakaiacha baada ya 1951, wale wengine hawajaiacha. Hufanyika kila miaka minne, na kikomo cha juu ni saa 90.

Kuna pingamizi la tatu, na hili ndilo zito: televisheni. Leo helikopta huonyesha kila kitu kuanzia bendera ya kuanzia hadi utepe, kwa hiyo kusimuliwa kumekwisha. Ningekubali kama picha ingejitosheleza. Lakini mzime mtangazaji sauti, mkabidhi mgeni picha za kundi la watu 150 wakipita mashamba ya alizeti kwa saa tatu, kisha mwulize kinachotokea. Hatajua kwamba yule wa mbele amejitoa mhanga kumkinga kiongozi wake na upepo, wala kwamba dakika nne za waliotoroka zimeachwa kwa makusudi. Anayejua ni aliyewahi kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Na televisheni haikumweka kitini: tangu mwaka 1993, L'Étape du Tour huwapeleka maelfu ya wasiolipwa kwenye barabara ya hatua mojawapo ya mwaka huo, milima ile ile, wakapime kwa mapaja yao walichokiona.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, kilomita 267.5 kwa wanaume, kupanda kukiwa zaidi ya mita 5,000 kwa jumla. Watu walijaa kwenye Ukuta wa Kigali, ule mwinuko wa mawe unaobana kati ya nyumba, katika nchi ambako abanyonzi hubeba abiria na magunia kwa baiskeli, na kwenye mlima mkali huzisukuma kwa mkono. Hadhira ya namna hiyo haina haja ya kuelezwa asilimia za mwinuko. Tadej Pogačar alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Njia ilipita Ukuta mara moja tu, kwa hiyo aliyesimama pale alimwona akiwa mbele, akaona waliotawanyika nyuma yake wakigugumia juu ya mawe, na barabara ikawa tupu. Yaliyofuata, saa mbili na zaidi, aliyapata kwa simu ya jirani.