Ukumbusho wa Vita Katika Kisiwa cha Manda

Miji mikubwa ina desturi ya kuwakumbuka waliokufa vitani kwa kusimamisha sanamu. Mjini Nairobi zimesimama tangu mwaka 1928 sanamu za shaba za askari na mpagazi, kwa ajili ya Waafrika waliofariki katika vita vya 1914 hadi 1918. Apitaye hapo huona sura, lakini haoni hata jina moja la marehemu.

Sisi wa Lamu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ukumbusho kama huo. Tuvuke mlango wa bahari mpaka Manda. Kaskazini mwa kisiwa hicho yako magofu ya mji uliokaliwa tangu karne ya 9. Neville Chittick, aliyechimba huko katika miaka ya 1960 na 1970, alikuta kuta za pwani zilizojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe, na vigae vya vyombo vilivyotoka Uajemi na China. Watu wa hapo walikuwa wajenzi na wafanya biashara.

Mwaka 1589 Wareno walikuja kutoka Goa, jemadari wao Tomé de Sousa Coutinho, kuiadhibu miji iliyomwunga mkono Ali Bey, Mturuki. Mfalme wa Lamu alikatwa kichwa huko Pate. Watu wa Manda walikimbia. Mji wao ukavunjwa, na minazi 2,000 ikakatwa. Hesabu hiyo yafaa tuitafakari. Mnazi hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kisha hulisha nyumba muda wa maisha ya mtu mzima. Aliyeikata minazi ile aliwanyang'anya chakula watoto ambao walikuwa hawajazaliwa.

Wala mshindi hasalimiki. Ng'ambo ya Manda, kwenye ufuo wa Shela, yapata mwaka 1812, watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa. Yasimuliwa kwamba maji yalikupwa, majahazi yakapwelewa, na wavamizi wakauawa mchangani. Walikuwa Waislamu wenzao, wenye lugha moja, na wengi wao jamaa. Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Maskati. Akaleta liwali na askari, na ngome ikamalizika mwaka 1821. Baadaye Pate na Mombasa nazo zikaingia mkononi mwake. Wahenga walisema kweli: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Basi, wanachama wapendwa, tuwapeleke vijana wetu Manda. Wasiondoe jiwe wala kigae. Wasimame kimya, wawaombee rehema waliokufa, wa pande zote. Kisha tuwaulize: je, minazi ile ilikuwa imemkosea nani? Kijana atakayelitafakari swali hilo hatakuwa mwepesi wa kushika silaha atakapoitwa na wagomvi.